Filamu ya katuni ya dakika 4 ndani ya muhula mmoja: tupunguze wapi?

Dada Mshauri, shikamoo.

Tuko wawili, mwaka wa 2 chuo kikuu, Dar es Salaam, na tunachora filamu ya katuni ya dakika 4. Filamu hii tunaipenda na masomo hatutaki kuyapoteza, lakini hesabu za saa zimetushinda.

Video yetu inatembea fremu 24 kwa sekunde, yaani picha 24. Kila mchoro tunaukalisha fremu 2, kwa hiyo sekunde moja inataka michoro 12. Katika dakika 4, sekunde 80 ni watu wamesimama wanaongea: mwili hauchorwi upya, unabadilisha mdomo tu. Sauti tumesharekodi, na hapa Kiswahili kinabeba mzigo mkubwa, maana silabi zake karibu zote huishia na irabu. Midomo 7 inatosha: a, e, i, o, u, mdomo uliofumba wa m, b na p, na meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Zinabaki sekunde 160, yaani michoro 1,920. Kwa dakika 10 kila mchoro, sita za mistari na nne za rangi, ni saa 320.

Upande wa masomo kuna kozi 5 za krediti 12, na krediti 1 ni saa 10 za kazi. Saa 600 kwa wiki 17, mitihani ikiwemo, ni kama saa 35 kwa wiki. Kila mmoja akitoa saa 10 za filamu kwa wiki, tunamaliza wiki ya 16, mitihani ikiwa imeanza.

Hata hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi tu. Dakika 10 ni za mchoro wa mtu mmoja. Onyesho la mnada wa samaki pale Feri ni sekunde 30, watu 6 wanasogea kwa pamoja, na mchoro mmoja unafika dakika 30. Michoro 360 ya mnada peke yake ni saa 180. Jumla inapanda hadi saa 440, wiki 22.

Halafu saa za kuokoteza hazizai. Ukikaa saa moja kati ya vipindi, dakika 20 za kwanza zinaishia kufungua faili na kupitia michoro ya nyuma ili ukumbuke mwendo ulikoishia. Unatoka na michoro 4. Ukikaa saa 3 mfululizo unatoka na 16. Tena Krita, programu tunayochorea, huweka fremu kwenye RAM (kumbukumbu ya kompyuta), na kwenye kompyuta ya GB 8 onyesho refu linaganda. Maonyesho marefu tumeyakata vipande vya sekunde 8, vinakwenda vizuri.

Wiki ya 7 na ya 8 kuna majaribio, na hapo ndipo tunapoogopa. Koziweki, yaani kazi na majaribio ya muhula, ina alama 40, mtihani wa mwisho 60. Mwenye 30 ya koziweki anahitaji 30 kati ya 60 ili afike alama 60. Mwenye 22 anahitaji 38. Alama 8 zilizoliwa na filamu zinalipwa kwa msuli wa wiki nzima, wakati huohuo wa mitihani.

Njia tunazoziona ni hizi. Kukata mnada uwe sekunde 10, sauti ya mnadi ibebe zilizobaki: tunarudi saa 320, ila moyo wa hadithi uko pale. Au kuukalisha kila mchoro fremu 3, michoro 8 kwa sekunde: theluthi ya zile saa 440 inaondoka, tunabaki na saa 293 hivi, lakini mtu anayekimbia ataonekana anarukaruka. Au kusogeza mpaka likizo ndefu, ambayo wiki 8 zake ni za mafunzo kwa vitendo.

Tunafikiria kuchanganya: fremu 3 kwa mwendo wa taratibu, fremu 2 kwa mbio tu, na kufunga faili kabisa wiki ya 7 na ya 8. Je, dada, mnada tuukate sasa, au tuuchore mwisho tukijua saa zilizobaki? Na tukigawana maonyesho, tufanyeje nyuso zisitofautiane kati ya mkono mmoja na mwingine? Karatasi ya mfano tunayo, uso wa mbele na wa ubavuni, lakini macho bado yanapishana.

Wasomaji wako wawili,
Dar es Salaam