Ukifika Kaboya, msalimie

Kalenga, Iringa
12 Julai 2024

Rafiki yangu mpendwa,

Kamwene. Baridi ya mwezi huu huku kwetu unaijua. Ukungu unapanda kutoka Ruaha Mdogo mpaka mlangoni, na Bibi hatoki jikoni kabla ya saa nne. Kahawa ya kutafuna uliyomtumia ameipokea kwa mikono miwili. Meno hana, anaimung'unya tu, lakini hataki mtu aiguse.

Nilimsomea barua yako. Nilipofika pale unaposema umehamishiwa Muleba, akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Akauliza kama Muleba ndiko iliko Kaboya, walikolazwa askari wetu wa vita vya Kagera, nikamwambia ndiko. Hakusema kitu tena hadi jioni.

Tulipokuwa bweni nilikugusia tu habari za baba mdogo. Leo nikueleze sawasawa.

Alikuwa mgema. Mianzi iliyo nyuma ya nyumba aliipanda yeye, na mpaka sasa inatoa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kila masika. Alikuwa pia mgambo. Amin alipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Mwalimu akatangaza tarehe 2 Novemba kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo, alijua ataitwa. Akaitwa kabla mwaka haujaisha. Alikuwa na miaka 24, hajaoa.

Vita vilipokwisha alikuja mwenzake mmoja wa kikosi, mtu wa upande wa Kilolo. Alikaa na Babu nje mpaka giza likaingia. Alieleza kwamba waliachana Lukaya, huko Uganda, usiku wa tarehe 10 Machi 1979. Brigedi yao ya 201 ilikuwa na mgambo wengi ambao hawajawahi kuona vita. Walibya na askari wa Amin wakawamiminia makombora, watu wakatawanyika gizani, na eneo lile lina kinamasi. Asubuhi Brigedi ya 208 ikazunguka ubavuni, adui akapigwa, na mwezi uliofuata, tarehe 11, Kampala ikaanguka. Baba mdogo hakuonekana asubuhi ile wala siku zilizofuata. Yule mwenzake aliapa kwamba maiti yake hakuiona.

Neno hilo Bibi amelishika mpaka leo. Babu alipotaka kuweka matanga, alimuuliza mbele ya wazee wote, "Mnamzika nani?" Wazee wakaondoka. Shangazi zangu walimkasirikia miaka mingi. Hapa nyumbani hakuna anayethubutu kumwita baba mdogo marehemu. Na kila masika, mbeta (kile kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi) ya kwanza kujaa kwenye mianzi ile huingizwa chumbani kwake, ikakaa humo hadi ichache kabisa. Hainywi mtu. Nilipokuwa mdogo niliona ni kupoteza ulanzi. Nilipozaa mwenyewe nikaacha kuona hivyo.

Kuna jambo lingine ambalo alinisimulia mara moja tu. Habari za Mkwawa tulifundishwa wote: alijiua Julai 1898 ili Wajerumani wasimtie mkononi akiwa hai, nao wakaondoka na kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza fuvu lirudishwe, lakini lilifika tarehe 19 Juni 1954, Gavana Twining alipolikabidhi hapahapa Kalenga. Bibi alikuwepo. Anakumbuka wanaume wazima wakilia, na anakumbuka jasho la mtoto aliyembeba mgongoni. Mtoto huyo ndiye baba mdogo.

Kwa hiyo wanaomwambia amengoja mno, yeye huwaonyesha tu kwa kidole upande wa makumbusho. Lile fuvu lilikaa ugenini miaka 56. Yeye huu ni mwaka wake wa 45.

Basi jioni ile ndipo alipoongea. Alisema, "Mwambie mwenzako aende akamsalimie." Hakusema kaburi, wala akamwombee. Amsalimie. Jina lake kamili nimeliandika kwenye karatasi ndogo iliyo ndani ya bahasha hii, pamoja na jina la nyumbani alilokuwa akiitwa na mama yake. Ukifika, tafadhali lisome kwa sauti lile la nyumbani, useme kamwene, useme mama yako yupo, mianzi yako ipo. Usimwambie apumzike kwa amani. Najua hilo ndilo litakalokujia mdomoni, ndiyo maana nakuomba mapema.

Nilimuuliza Bibi itakuwaje kama jina lake halimo kati ya waliolala pale. Alifikiri muda mrefu, moto ukiwa umepungua, akasema, "Awasalimie Wahehe wote waliomo. Mmoja wao atakuwa alimwona."

Usiende tarehe 25. Siku ya Mashujaa kuna watu wengi na bendi, na Bibi anataka usikike. Nenda siku ya kawaida usiyo na vipindi, halafu unipigie ukiwa bado palepale. Simu nitaishika mimi, nitamwekea sikioni.

Wako wa bweni moja