Risala ya Klabu ya Uraia kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Tandahimba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu ya Tandahimba,
Mkuu wa Shule, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu, wazazi, walezi na wahitimu wenzetu,

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu, wakati korosho za kwanza zinaanza kuokotwa.

Mwaka huu klabu yetu ilijipa kazi ya kuwauliza wazee wilaya hii imetoka wapi. Sisi tumezaliwa tukaikuta, tukadhani ipo tangu enzi na enzi. Kumbe katika sensa ya 1988 Tandahimba ilihesabiwa ndani ya Newala, na ile ya 2002 ndiyo iliyotukuta tukiwa wilaya inayojitegemea. Wazee hawaanzi simulizi hiyo na mipaka, wanaanza na miguu. Kesi, kibali, barua ya mtoto anayekwenda shule, vyote vilikuwa Newala, na aliyemkosa ofisa alilala huko kwa ndugu hadi kesho yake. Leo mzazi anaondoka asubuhi, jioni yuko kwake. Kwa hilo tunaishukuru Serikali kwa dhati.

Na mama yetu Newala hatukumkimbia. Chama kikuu chetu cha ushirika, TANECU, hadi leo kinaibeba Tandahimba na Newala kwa jina moja. Tunafurahi pia kuona ujenzi wa barabara ya lami ya Mtwara, Newala hadi Masasi, kilometa 210, inayopita hapa kwetu.

Lakini Mheshimiwa, kuna jambo ambalo kuwa wilaya hakukulimaliza, nalo ni maji. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde ardhi ni mchanga. Mvua ikinyesha inamezwa, mto haupo. Maji ya mradi wa Makonde yanasukumwa kwa mashine kutoka Mitema, kule bonde la Kitangari, yakipandishwa mlima mpaka yatufikie. Mashine ikisimama, bomba la shule linakauka, na wanaobeba ndoo ni wasichana. Tumemwona mwenzetu akiingia darasani kipindi cha tatu, sare imelowa mabegani, hesabu za asubuhi zimeshampita. Amehitimu leo, yuko hapa mbele yako.

Wazee wetu walishapata njia yao. Nyumba nyingi hapa zina kisima kilichosakafiwa cha kupokea maji ya bati, na familia inakitumia kiangazi kizima. Shule yetu ina mabati mengi kuliko nyumba yoyote kijijini, na maji yake yote yanamwagika mchangani.

Ombi letu ni hilo moja: utusaidie kupata saruji, nondo na gata, tujenge kisima cha kuvuna maji ya mvua nyuma ya madarasa. Wazazi wamekubali kuchimba shimo na kusomba mchanga na kokoto, na sisi wanafunzi tutasaidiana nao siku za Jumamosi. Mvua zetu huanza mwezi wa Desemba hivi. Vifaa vikipatikana mapema, kidato cha kwanza watakaoripoti Januari watakuta kisima kina maji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.