Msilegeze garo: ombi la mama fundi wa Majengo

Bwana Mhariri,

Ukurasa wenu wa huduma ya kwanza wa wiki iliyopita nimeusoma mara mbili nikiwa kwenye cherehani yangu hapa Majengo, Goma. Mmefanya vizuri kuuandika. Lakini kuna mstari mmoja naomba muusahihishe, tena kwa herufi kubwa: pale mliposema kwamba mtu akifungwa garo, yaani kitambaa au mkanda wa kubana mkono au mguu ili damu isitoke, ilegezwe kila baada ya dakika kumi ili damu ipite kidogo. Mimi damu hiyo nimeiona ikipita.

Ilikuwa mwezi wa nne, asubuhi. Kijana wa jirani yangu alikuwa anashuka na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, yenye mabati. Gurudumu likagonga jiwe la volkano, kamba ikakatika, bati moja likateleza na kumpasua paja. Damu ilikuwa inaruka, inatulia, inaruka tena, kwa mapigo ya moyo wake.

Watu wakafanya tulivyozoea. Mmoja alikuja na unga wa kahawa. Mwingine akamfunga kwa kamba ya nailoni, ile ya kufungia magunia ya makaa, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Damu ikazidi. Nikisimulia hapa watu hubisha, ila muuguzi alinieleza baadaye. Mishipa inayorudisha damu moyoni ni laini na damu yake haina nguvu, inabanwa upesi. Ile inayoleta damu iko ndani zaidi, tena ina nguvu, na fundo peke yake haliiwezi. Basi damu inaendelea kuingia mguuni, njia ya kurudi imezibwa, inatokea palepale kwenye jeraha. Na kamba nyembamba inakata nyama na kuumiza neva.

Nilichukua pindo la kitenge nikalikunja mpaka likawa na upana wa vidole vitatu. Nikalizungusha pajani, juu ya jeraha, upande wa kinena, nikapiga fundo, nikalaza biki, kalamu yangu, juu yake, nikapiga fundo la pili, nikaanza kusokota. Biki ikavunjika. Nikapiga kelele waniletee kijiti, na mama mpishi wa ng'ambo ya barabara akaja mbio na mwiko wa bugali, bado una unga. Mzunguko wa tatu kijana akalia, «Mama, unaniua!» Nilitetemeka, lakini niliendelea. Kwenye mzunguko wa tano damu ikasimama kabisa.

Tukiwa bado tunahangaika kupata gari, papa mmoja, mzee mwenye heshima zake, alitazama saa akasema dakika kumi zimetimia, lazima kulegeza, ndivyo walivyofundishwa skauti. Kabla sijamshika mkono alishaugeuza mwiko. Damu iliruka mpaka kwenye shati lake. Nikasokota upya, na safari hii kijana hakulia tena, alikuwa amelegea. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko kelele zake.

Papa yule simlaumu. Kulegeza kulikuwa mafundisho ya wakati wake, na madaktari wameyaacha kwa sababu kila ukilegeza, mtu anapoteza damu ambayo pale barabarani huna cha kuirudishia. Mtu mzima ana kama lita 5 tu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, dakika chache zinatosha kumuua, wakati mguu unaweza kuvumilia garo hadi kama saa mbili. Kutoka Majengo hadi hospitali hatufikishi saa mbili, hata barabara ikiwa imefungana namna gani. Atakayeifungua ni daktari.

Ndiyo maana saa ya kufunga iandikwe. Mimi niliandika kwa chaki yangu ya kukatia nguo kwenye paji la uso wake, jasho likaifuta. Nikachukua ile biki iliyovunjika nikaandika mkononi: 4.20.

Muuguzi aliniambia pia kwamba neno lenyewe garo, katika Kifaransa cha zamani, ni kijiti kifupi cha kusokotea kamba. Mwaka 1718 daktari Mfaransa Jean-Louis Petit alitengeneza garo ya skrubu, isiyohitaji msaidizi wa kuishikilia. Zile wanazobeba askari siku hizi zina mkanda mpana, kijiti kigumu na kishikio cha kukizuia kisirudi nyuma. Fundi yeyote wa nguo akiiona ataielewa mara moja. Kinachozuia damu ni kule kusokota.

Naomba msisahau kuongeza kwamba garo ni ya mkono na mguu tu, isifungwe kwenye goti lenyewe wala kwenye kiwiko chenyewe. Shingoni na tumboni hapana. Na jeraha ambalo damu yake inatii kiganja na kitambaa safi, likandamizwe tu bila kuachia.

Bwana Mhariri, mwisho wa Januari 2025 hospitali ya CBCA Ndosho hapa Goma ilipojaa majeruhi wa vita, sote tuliona. Gazeti lenu linasomwa na wenye chukudu na motari, madereva wa pikipiki, wanaofika kwenye ajali kabla ya gari lolote la wagonjwa. Sahihisho liwe kwenye ukurasa uleule, maana ule wa wiki iliyopita tayari nimeukuta umebandikwa ukutani kwenye kituo cha pikipiki.

Mama fundi cherehani,
Majengo, Goma