Sensa ya Oili Ipimwe Kabla ya Pampu Kulaumiwa

Mhariri,

Taa nyekundu ya oili ilipowaka garini mwangu nikiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, nilizima injini papo hapo, na fundi wa kwanza niliyemwita, bila hata kuchomoa kijiti cha kupimia oili, akakata kauli kwamba pampu inayosukuma oili kwenye injini imekufa. Wa pili aliifungua sensa, yaani kifaa kinachohisi presha ya oili na kuwasha taa hiyo, akafunga geji ya mshale ya kupimia presha mahali pake, kisha akawasha injini: presha ilikuwa sawa. Pini za plagi ya sensa zilikuwa zimeshika kutu ya kijani, jambo lisilo geni kwetu tuishio na hewa ya chumvi. Naomba mafundi waanze na geji hiyo, kwani pampu (na bei yake mwaijua) haibadilishwi kwa kukisia.

Dereva,
Likoni, Mombasa