Mwandikeni kijana kwenye fomu ya bima

Kwako Mhariri,

Wazazi wengi hapa Malindi wakisikia kwamba dereva wa miaka 19 ni mzigo kwenye bima ya gari, humficha. Fomu ya maombi huuliza waziwazi: je, gari hili litaendeshwa na mtu aliye chini ya umri fulani, au ambaye leseni yake bado changa? Baba hutia alama kwenye "hapana", hulipa, na kesho yake funguo ziko mkononi mwa mwanawe. Sisi tunaofanya kazi hii ya uwakala tunaliona jambo hilo kila mwaka, na linaumiza kwa sababu halina haja.

Ieleweke kwanza gharama ya kijana iko wapi. Kwa bima nyingi za gari la kibinafsi nchini Kenya, ada ya mwaka hukokotolewa kwa thamani ya gari wala si kwa umri wa dereva. Umri huingia kwenye ekses, yaani kiasi ambacho mwenye gari hubeba mwenyewe kabla ya kampuni kulipa salio. Kuna ekses ya kawaida, ambayo mara nyingi ni asilimia 2.5 ya thamani ya gari, na juu yake huongezwa ya dereva kijana au asiye na uzoefu. Hiyo ya pili ndiyo husomwa na wachache, kwa kuwa imeandikwa kwa herufi ndogo ndani ya mkataba.

Chukua gari la Sh900,000 lenye bima ya komprehensivu, yaani inayolipia hata gari lako mwenyewe, kwa asilimia 5 ya thamani. Ada ni Sh45,000. Ongeza asilimia 0.2 ya tozo ya mafunzo, asilimia 0.25 ya hazina ya fidia kwa wenye bima, na Sh40 za ushuru wa stempu: jumla Sh45,242.50. Sasa tuktuk imekata kona ghafla Lamu Road, kijana amekanyaga breki kachelewa, bampa na taa ya kushoto zimekwenda. Gereji inataka Sh120,000. Ekses ya kawaida ni Sh22,500. Tuseme ya kijana ni Sh10,000. Kampuni italipa Sh87,500. Kumtaja kijana kumemgharimu mzazi Sh10,000, tena siku ya ajali tu.

Aliyemficha je? Mchunguzi wa kampuni huomba leseni ya aliyekuwa kwenye usukani, huangalia tarehe ya kuzaliwa na siku leseni ilipotolewa, kisha hufungua ile fomu. Akikuta "hapana", dai lote la Sh120,000 laweza kukataliwa. Na kama kuna mtu aliyejeruhiwa, Sura ya 405, sheria ya bima kwa wanaoumizwa na magari, humlinda majeruhi hadi Sh3 milioni kwa mtu mmoja, lakini kampuni yaweza baadaye kumgeukia mwenye gari kudai ilichotoa. Hapo ndipo shamba la Gongoni huuzwa.

Njia ya halali ya kupunguza gharama huanzia kwenye gari lenyewe. Kijana hahitaji gari la kuringia. Gari dogo, la bei ya chini, ambalo vipuri vyake vimejaa madukani, huleta ada ndogo na ekses ndogo pia, kwa kuwa zote mbili hufuata thamani. Lakini uliza kiwango cha chini cha ada: kampuni nyingi zina kiasi ambacho hazishuki chini yake hata gari liwe rahisi vipi. Gari likizeeka sana, kampuni nyingi hukataa kulikatia komprehensivu, na hapo thadi pati huwa ndiyo njia. Ada yake ya mwaka kwa gari la kibinafsi huanzia karibu na Sh7,500, ambazo pamoja na tozo ni kama Sh7,574. Hiyo humlipa uliyemgonga. Bampa yako utaitengeneza mwenyewe. Kwa gari la Sh250,000 ni uamuzi wa busara, mradi zile pesa zilizobaki ziwekwe kando kwa matengenezo.

Usijaribu kupunguza ada kwa kudanganya thamani. Lile gari la Sh900,000 likiandikwa Sh600,000, utaokoa Sh15,000 kwenye ada. Likipata hasara ile ile ya Sh120,000, kampuni husema umekatia bima thuluthi mbili tu, na huanza hesabu kwa Sh80,000. Ondoa ekses ya Sh15,000, ondoa Sh10,000 ya kijana, unabaki na Sh55,000. Umeokoa elfu kumi na tano, umepoteza elfu thelathini na mbili na mia tano. Mwache mthamini alikague gari. Kwetu pwani aangalie hasa chini ya milango na juu ya matairi ya nyuma, maana hewa ya chumvi hula bodi, na kutu hailipwi na bima yoyote. Bodi iliyooza hushusha thamani, na mchunguzi atakata hapo.

Kuna nyongeza ambazo ningemwachia mtu azikate, kama bima ya redio kwenye gari lenye redio ya kawaida. Mbili sizikati. Ya kwanza ni ya abiria. Siku ya Idi kijana hupakia marafiki wanne kwenda Watamu, na thadi pati tupu haiwahesabu hao; nyongeza yake mara nyingi ni mamia machache ya shilingi kwa kiti. Ya pili ni ya vurugu za kisiasa na ugaidi, kwa familia inayotumia barabara ya Garsen, Witu hadi Mokowe. Mkataba wa kawaida hauyagusi hayo, na nyongeza yenyewe huwa karibu robo ya asilimia moja ya thamani. Kinga ya ekses nayo huuzwa sana. Kabla ya kulipa, taka ujibiwe kwa maandishi kama inafuta na ile ekses ya kijana au ya kawaida peke yake.

Jina kwenye logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, na jina kwenye bima yalingane. Gari lililonunuliwa mkononi mwa mtu na bado linasoma jina la muuzaji huleta mvutano siku ya dai. Na mkataba wa gari la kibinafsi haubebi biashara: kijana akianza kuchukua watalii hadi Marafa kwa nauli, au kusafirisha samaki wa watu kutoka Ngomeni, yuko nje ya bima hata kama ametajwa.

Lipeni kampuni moja kwa moja, si simu ya wakala, mimi mwenyewe nikiwemo. Sheria hairuhusu bima kuanza kabla ya malipo kupokewa. Cheti siku hizi ni cha kidijitali, na huthibitishwa kwa namba ya gari kwenye programu ya simu ya chama cha kampuni za bima. Fanyeni hivyo kabla ya gari kutoka nyumbani. Wanaokata ya mwezi mmoja mmoja waandike tarehe ya mwisho ukutani, kwa sababu cheti kikiisha usiku wa manane, ajali ya alfajiri haina mwenyewe.

Ombi langu kwa mawakala wenzangu wa Malindi, Mambrui na Watamu: kabla ya mteja kutia sahihi, msomeeni kwa Kiswahili kile kifungu cha dereva kijana, mtajieni umri na kiasi, na mwandikieni kiasi hicho juu ya risiti.

Wakala wa bima,
Malindi