Ini Lenu, Injini Zenu

Wajukuu zangu wa bodaboda, salaam.

Juzi mmoja wenu alinionyesha majibu ya ultrasaundi: ini lina mafuta. Akaapa hajawahi kuonja pombe. Namwamini. Nimekuwa muuguzi miaka mingi, na kila siku nawaona hapo kijiweni: chipsi mayai, soda mbili, usiku enaji, na kutwa nzima mmekaa juu ya siti.

Soda ya kola ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari, vijiko tisa vya chai. Nusu yake ni fruktosi, aina ya sukari ambayo sehemu kubwa hushughulikiwa na ini. Ikizidi, ini huigeuza kuwa mafuta.

Haya mengine mtayaelewa kuliko mimi, maana injini mnazijua. Kila seli ya ini ina mitokondria nyingi, injini ndogo mno zinazochoma sukari na mafuta kwa oksijeni ili mwili upate nguvu. Mafuta yakianza kujaa kwenye ini, injini hizo hujikaza, huchoma kupita kawaida, na mtu hujiona mzima kabisa. Lakini kabureta ikimwaga mafuta kuliko hewa mnajua kinachofuata: moshi mweusi, plagi inashika masizi. Moshi wa mitokondria ni chembe kali za oksijeni zinazounguza kuta zake na hata DNA yake. Tena, ini linapotengeneza mafuta kutokana na sukari, huzaa kemikali inayobana mlango wa kuingilia mafuta ya kuchomwa. Basi yanarundikana, mitokondria zinachoka, ini linavimba, na miaka ikipita linaota makovu.

Na haliumi, wanangu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nimewapokea wodini watu waliogundua tumbo limeshajaa maji.

Huyu kijana wetu hajafika huko. Mwenye kilo 90 akipunguza sita hadi tisa, mafuta ya ini hupungua na mara nyingi uvimbe hutulia. Kutembea husaidia hata mizani isiposogea. Aanze na soda, aweke maji mahali pake. Kwa mama ntilie aombe maharage na mchicha, wali kidogo.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nitatembea kutoka kijiweni hadi sokoni na kurudi. Anayekuja aache pikipiki nyumbani.

Bibi yenu, muuguzi mstaafu