Barua kwa Zuhura: kabla hujachagua shahada

Mpendwa Zuhura,

Hujambo, rafiki yangu? Barua yako nimeipata. Unauliza kama sayansi ya mabadiliko ya mazingira duniani inastahili kusomewa shahada nzima, au ni habari mbaya tu ambazo mtu anazisikia bure redioni. Tena unaogopa hisabati. Nitakujibu bila kukuficha kitu.

Wengi tunaingia tukitarajia kufundishwa kwamba misitu inakatwa, barafu inayeyuka, na miti ipandwe. Hayo huisha mapema. Linalobaki ni swali moja linaloulizwa katika kila somo: tumejuaje? Mimi swali hilo ndilo lililonifunga hapa.

Chukua kaboni dioksidi, gesi inayonasa joto na kuipasha dunia. Mwaka 1958 mwanasayansi Mmarekani Charles David Keeling alianza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mbali na moshi wa miji. Ilikuwa kama sehemu 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Sasa imepita 420. Na viputo vya hewa vilivyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika vinaonyesha kwamba katika miaka 800,000 kabla ya zama za viwanda haikuwahi kuzidi 300 hivi. Mchoro wa Keeling unapanda huku ukiyumba: kila mwaka gesi hupungua kidogo mimea ya kizio cha kaskazini inapochipua na kukua, kisha huongezeka tena majani yanapooza. Uoto wa nusu ya dunia unaonekana katika mstari mmoja. Nilipoelewa hilo nilikaa nikiutazama mchoro ule muda mrefu.

Lakini nani kasema kaboni iliyoongezeka ni ya kwetu, wala haikutoka baharini au kwenye volkano? Hapa, Zuhura, ndipo utamu wa somo ulipo. Kuna aina ya kaboni, kaboni-14, inayozaliwa juu angani na kuoza polepole. Nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 5,700 hivi. Makaa ya mawe na mafuta yamelala ardhini mamilioni ya miaka, kwa hiyo hayana hata chembe yake. Tukiyachoma, tunaizimua kaboni-14 iliyomo hewani, na uzimuaji huo umepimika. Halafu mimea hupendelea kaboni ya kawaida, iliyo nyepesi, kuliko kaboni-13, aina nyingine iliyo nzito kidogo. Makaa na mafuta yametokana na viumbe vya kale, nayo yana upungufu uleule wa kaboni-13. Na kweli, sehemu ya kaboni-13 hewani inazidi kushuka. Volkano isingeushusha hivyo uwiano wa kaboni-13. Tena oksijeni inapungua kidogo kidogo, kama inavyotakiwa pale kitu kinapoungua. Aliyebuni njia ya kuipima kwa umakini wa kutosha ni Ralph, mtoto wa Keeling mwenyewe. Na bahari? Bahari inazidi kuwa na asidi, maana inameza takriban robo ya kaboni dioksidi tunayoitoa. Anayemeza hawezi kuwa ndiye mtoaji.

Ushahidi huo umekusanywa na watu mbalimbali kwa vyombo mbalimbali, na wote unamtaja mhusika mmoja. Ukishaufuata hatua kwa hatua mwenyewe, huhitaji tena kuamini kwa sababu mkubwa fulani amesema.

Kuhusu hisabati, usitafute njia ya kuikwepa. Modeli za tabianchi huigawa angahewa na bahari katika vyumba vingi vidogo, na katika kila chumba kompyuta hupiga hesabu za joto, upepo na unyevu. Asiyejua takwimu hawezi kutofautisha mwelekeo wa miaka 30 na mwaka mmoja uliokuwa na joto kali. Ni kazi ngumu, ila inazoeleka, na unapokuwa na swali unalotaka jibu lake kwa dhati, ugumu wake hupungua.

Umeniuliza pia kama sikati tamaa. Siku nyingine nakata. Siku hizo hurudia kisa cha tabaka la ozoni, gesi ya juu angani inayotukinga na miale hatari ya jua. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za majokofu na makopo ya kupulizia zingelila tabaka hilo. Mwaka 1985 tundu juu ya Antaktika likatangazwa, na mwaka 1987 Mkataba wa Montreal, wa kuzipunguza gesi hizo, ukatiwa saini. Leo tabaka linapona. Sitakuambia kaboni itakuwa rahisi hivyo: zile gesi zilitengenezwa na kampuni chache na mbadala wake ulipatikana, ilhali makaa na mafuta yamo katika karibu kila tunachokifanya. Hata hivyo kipimo kilitangulia, serikali zikasikiliza, na hali ikabadilika. Hilo lilitokea kweli.

Sasa la vitendo. Mwaka wa kwanza ukilazimika kuchagua kati ya sera za mazingira na takwimu, chagua takwimu. Sera ni muhimu sana, lakini utaweza kuzisoma baadaye ukiwa na msingi. Kinyume chake ni kigumu. Kemia usiiache kabisa. Na uliza kama wanafunzi hupelekwa uwandani kupima wenyewe. Chuo kisichofanya hivyo mimi nisingekichagua.

Nitumie orodha ya masomo uliyopewa pamoja na tarehe ya mwisho ya kuchagua, tuipitie pamoja. Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Mwanaidi